"Mwanangu anasema Idi ya huku haina maana": jibu kwa mama wa watoto wawili aliye Uingereza

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, nimeolewa na mtu wa Ujiji, na tuko Uingereza, mji wa Sheffield, mwaka wa saba huu. Tuna watoto wawili, wa kiume miaka 11 na wa kike miaka 6. Idi iliyopita niliamka saa tisa usiku nikapika pilau, kaimati, tambi, kila kitu kama kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa zamu ya asubuhi. Mwanangu alikataa kuvaa kanzu, akasema Idi ya huku haina maana, ni siku ya kuvaa nguo na kukaa. Tukampigia bibi yao simu ya video, tukakaa nayo karibu masaa mawili, watoto wamenuna, na mama mkwe akasema mbele ya watu wote kwamba wajukuu zake wamekuwa Wazungu. Niliingia jikoni nikalia. Juu ya hayo mdogo anaomba mti wa Krismasi kama wenzake. Upande wa mama yangu Tabora ni Wakristo, Krismasi tulikuwa tunakula kwa bibi, lakini mume wangu hataki kusikia habari ya mti. Je, nizidi kulazimisha, niihamishie sikukuu Jumamosi tuwe wote, au niache tu mpaka tutakapokuja nyumbani? Naona kama nawapoteza watoto wangu."

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale ulipoandika kwamba uliingia jikoni ukalia. Mtu aliyeamka saa tisa usiku, akapika peke yake, akavisha watoto peke yake, halafu akasemwa kwenye simu mbele ya ukoo mzima, ana haki ya kulia. Hofu yako, kama nilivyoielewa, ni kwamba watoto wanakuponyoka, na siku ya Idi ndiyo inayokuonyesha jambo hilo waziwazi kuliko siku nyingine. Nitaanza na mwanao, maana naona yeye ndiye aliyesema kweli kuliko wote siku ile.

Alisema ni siku ya kuvaa nguo na kukaa. Rudia maneno hayo taratibu. Mtoto huyo hajakataa dini ya baba yake wala hajamkana bibi yake. Amelalamika kwamba hana kazi.

Kumbuka wewe mwenyewe ulikuwa unafanya nini siku ya sikukuu ukiwa na miaka 11. Mimi nilizaliwa Tabora, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa fundi wa karakana. Siku mbili kabla ya Idi sisi watoto tulikuwa tunamwagiwa mchele kwenye ungo, tunachambua mawe na chuya. Aliyebakiza jiwe, mgeni akalitafuna, jina lake lilitajwa mpaka sikukuu ya mwaka unaofuata. Dada alikuwa na kinu kidogo cha viungo: iliki, bizari nzima, pilipili manga. Kaka alitumwa mkaa. Na asubuhi watu wakishatoka kusali, mama alipakua sahani, akaifunika kawa, akamwambia kila mmoja: wewe hii kwa Mama Salumu, wewe hii kwa mwalimu, wewe hii kwa wale Wakristo wa kona. Unatembea nayo polepole, vidole vinaungua kwa chini, harufu inakupanda puani, unawaza kama kipande kimoja cha nyama kikipungua watajua. Unapiga hodi. Unaamkia. Unasema, "Mama amenituma nilete sikukuu." Halafu unasubiri, kwa sababu sahani hairudi tupu: watakutilia maandazi, au embe, au wewe mwenyewe utapewa mkono wa Idi, sarafu unayoibana kwenye kiganja mpaka nyumbani.

Sasa tazama jiko lako la Sheffield. Mchele umetoka kwenye mfuko ukiwa safi, hauna jiwe hata moja. Viungo vimesagwa kiwandani. Hakuna mkaa wa kutumwa. Jirani humjui jina. Na wewe, kwa mapenzi yako yote, umeamka usiku ukamaliza kazi yote wao wakiwa wamelala. Umebakiza nini cha mtoto kufanya? Kuvaa, kukaa, kutazama simu. Pilau lilisafiri kutoka Ujiji mpaka Uingereza likafika salama; kazi za watoto zilibaki njiani.

Katika miaka yangu ya ustawi wa jamii, na sasa katika ushauri nasaha, familia nyingi zinazorudi Kigoma kwa likizo zimenieleza jambo hili kwa namna tofauti. Wazazi wanadhani mila inakaa kwenye vitu: kanzu iwe ile, pilau liwe lile, dera liwe jipya. Vitu vina nafasi yake, lakini mtoto hukumbuka zaidi alichokifanya kwa mikono yake, akangoja matokeo, watu wakamtegemea. Harufu nayo husaidia sana, maana njia ya harufu ndani ya ubongo inapita jirani kabisa na sehemu zinazoshughulika na kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana iliki ikipasuka tu unajikuta uko kwenu. Ila iliki yako inakurudisha Tabora kwa sababu uliwahi kuitwanga. Mwanao hajawahi kuitwanga, kwa hiyo kwake ni harufu ya chakula tu, nzuri lakini haimpeleki popote.

Kwa hiyo mwaka huu usinunue viungo vilivyosagwa. Sheffield ina maduka ya Wahindi na Wapakistani; chukua iliki nzima, mdalasini wa vijiti, bizari nzima, na kinu kidogo cha mawe. Msichana wa miaka 6 atatwanga jioni ya kuamkia Idi, na ataichafua meza, mwache. Kijana mpe vitunguu. Unajua mwenyewe kwamba rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu: kikitolewa mapema pilau linakuwa jeupe kama la mgonjwa, kikichelewa linakuwa chungu. Hiyo ni kazi ya mtu mzima, na kijana wa miaka 11 anajua tofauti ya kazi ya kweli na kazi ya kumpumbaza.

Na hapo ndipo simu ya bibi inapoingia.

Simu iliyosimamishwa mezani masaa mawili inawafanya watoto wako watazamaji wa sikukuu ya wengine. Wanaona binamu zao wanakimbia uani, wao wamekaa kwenye kochi. Hata mtu mzima angenuna. Badala yake, pigeni usiku wa kuamkia Idi, kitunguu kikiwa motoni, na kijana ndiye aishike simu juu ya sufuria. Bibi aangalie rangi. "Bado. Bado, mjukuu wangu, usiwe na haraka. Koroga pembeni. Haya, sasa! Tia nyama!" Dakika kumi zinatosha. Kesho yake pigeni tena dakika kumi nyingine kumwambia lilivyotoka. Tanzania iko mbele kwa masaa matatu wakati wa baridi na mawili saa za huko zinaposogezwa mbele mwisho wa Machi, kwa hiyo ninyi mkipika saa kumi na mbili jioni, kwao ni saa tatu usiku au saa mbili. Bibi bado yuko macho, hasa usiku kama ule. Jambo moja la kuangalia ni mwezi. Wapo wanaofuata mwandamo wa Makka na wapo wanaofuata unaoonekana nchini, huku na huko, na inatokea ninyi mmefungua wakati Ujiji bado wamefunga. Uliza kabla, usije ukamwonyesha mama mkwe sinia la pilau naye bado amefunga, koo limemkauka.

Kuhusu maneno yake, nitasema jambo ambalo labda hukulitarajia. Yale maneno yalikukata, na yalikuwa makosa kusemwa mbele ya watoto; mume wako ndiye wa kumwambia mama yake, kwa adabu na faragha, kwamba yasirudiwe. Si kazi yako wewe mkwe. Lakini bibi naye amepokonywa kazi. Siku ya Idi mkono wake unatoka kwenye pindo la khanga na hela za wajukuu, na wajukuu wale wawili hawapo kuzipokea. Mtu asiyejua afanye nini na mapenzi yake mara nyingi huyatoa kama lawama. Namfahamu bibi mmoja wa Gungu, hapa Kigoma, ambaye wajukuu zake wako Kanada. Amewawekea vibubu viwili vya udongo juu ya kabati, kila kimoja na jina. Kila Idi anatumbukiza mkono wa Idi wa kila mmoja, anawapigia wasikie sarafu ikilia. Walipokuja baada ya miaka minne walivivunja wenyewe, sakafuni, na hela zile zikaishia kwenye soda na baiskeli za kukodi kwa siku tatu. Pendekeza kwa mama mkwe kitu kama hicho. Mwache yeye awe mtoaji.

Nawe ukituma hela za nguo za sikukuu kwa watoto wa nyumbani, kama najua maisha yenu unatuma, usitume kimyakimya usiku kwenye simu. Zakatul fitri, ile sadaka ya lazima ya mwisho wa Ramadhani, kwa mfano ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, takriban kilo mbili na nusu, na inatakiwa iwe imetoka kabla ya sala ya Idi. Mweleze kijana, pima naye mchele kwenye mzani wa jikoni aone pishi moja ni nyingi kiasi gani, halafu mkitoa thamani yake au mkimtumia mtu wa Ujiji anunue na kugawa, yeye ndiye apige hesabu ya vichwa vinne. Mtoto aliyepima pishi hasemi tena siku ile haina maana.

Kuna kosa jingine ningependa kulisahihisha, na hili linakuhusu wewe zaidi. Umeandika ulipika "kila kitu kama kwa mama mkwe", kana kwamba Idi ya Ujiji ndiyo asili na yako ni nakala iliyofifia. Ujiji, mwanangu, ni mji wa watu waliotoka mbali. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani wameshatangulia. Stanley alipomkuta Livingstone pale mwaka 1871, njia ya misafara ya Bagamoyo kupitia Tabora ilikuwa kongwe tayari, na mizigo mingi ilipita mabegani mwa Wanyamwezi, watu wa kwenu. Wamanyema walivuka ziwa kutoka Kongo wakaja na yao. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaleta wengine. Kanzu iliingia Ujiji ikiwa mgeni. Pilau liliingia likiwa mgeni. Karafuu mpaka leo zinatoka Unguja na Pemba. Waliokuja walikuta ziwa, samaki wake migebuka, na mawese, wakaketi, wakachanganya, na wajukuu wao ndio wanaoita mchanganyiko ule Idi ya kwetu. Katika wake wa pwani waliofika na misafara ile, lazima alikuwepo aliyepika Idi yake ya kwanza ya Ujiji machozi yakimtoka, maana hakuna aliyemjua wa kumpelekea sahani.

Nayajua haya kwa kiasi changu. Baba alihamishiwa Kigoma nikiwa na miaka tisa. Kutoka Tabora mpaka hapa ni usiku mmoja wa treni, lakini kwa mama ilikuwa ugenini kabisa. Sikukuu ya kwanza hatukuwa na mtu. Mama akapakua sahani tatu vilevile, akanituma nyumba tatu za jirani. Ile ya kwanza walinikodolea macho, wakauliza nimetumwa na nani, wakapokea kwa wasiwasi. Sahani ikakaa kwao siku nne. Mama akawa anaitazama rafu yake yenye pengo na hasemi kitu. Siku ya tano aliingia mama wa nyumba ile na sahani yetu, juu yake migebuka wawili wakavu na chupa ya mawese. Watoto wa nyumba ile ndio waliombeba mama yangu kaburini.

Ndiyo maana nakuomba uipeleke sahani. Peleka kwa jirani wa mlango wa pili hata kama hujui jina lake, na mtoto ndiye abishe hodi, wewe ukiwa nyuma yake hatua mbili. Uliza kwanza siku moja kabla kama kuna kitu hawali, maana huko wapo wengi wenye mzio, wengine karanga, wengine maziwa, wengine hawali nyama kabisa. Kwa hao kaimati zinatosha. Na usipeleke kwenye kopo la plastiki la kutupa. Peleka kwenye sahani yako nzuri, inayohitaji kurudishwa. Sahani ya kurudishwa inamleta jirani mlangoni kwako. Inawezekana isirudi. Inawezekana ikarudi imeoshwa, tupu, na asante ya haraka. Nayasema haya ili usivunjike moyo: watu wa huko wengi hukaa na milango imefungwa, na itachukua Idi mbili tatu. Kama majirani wakishindikana kabisa, hamisha zoezi kwa Watanzania wenzako wa mji huo, au Wasomali, au Wasudani wa msikitini kwenu, lakini kijana awe na sahani yake na mlango wake wa kupiga hodi.

Kanzu usigombane nayo. Akiwa na miaka 11 ndiyo anaanza kujitazama kwa macho ya wenzake, na kutembea barabarani na vazi ambalo hakuna mwingine amelivaa ni mzigo kwake hata kama kwako ni fahari. Aivae msikitini, ambako wenzake wamevaa, akirudi abadili. Hata Ujiji, saa sita mchana kanzu za watoto zimeshatundikwa na wote wako uwanjani na kaptura.

Sasa swali la Jumamosi. Tenganisha ibada na karamu. Sala ya Idi ina siku yake na zakatul fitri ina wakati wake, hayo hayahamishiki, na ukiwa na shaka ya kisheria muulize imamu wa msikiti mnaosali, asiwe mimi. Karamu, wageni, sahani, nguo, hivyo ni vyenu, na mkiviweka Jumamosi inayofuata baba akiwepo hamjavunja kitu. Hasara yake ni kwamba siku yenyewe inabaki baridi na mtoto anaanza kuona Idi ni kitu cha kusubiri nafasi ya kazi za watu. Mimi ningechukua njia hii: siku yenyewe muwe na mambo mawili tu yasiyobadilika, sala na kifungua kinywa cha pilau mezani pamoja, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri kabla baba hajatoka, mengine yote yaende Jumamosi bila majuto. Mambo mawili yanayofanyika kila mwaka bila kukosa yana nguvu kuliko kumi na mawili yanayokuacha hoi. Na kumbuka nyumbani pia tuna Idi mosi na Idi pili. Hakuna aliyewahi kumlaumu mtu kwa kuja Idi pili.

Shule isiwatishe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1996 inayotumika England na Wales inatambua siku iliyotengwa mahsusi kwa ibada na dini ya wazazi, na mtoto akikosa siku hiyo hahesabiwi mtoro. Andika barua pepe mapema, eleza kwamba siku kamili hutegemea mwezi, taja zote mbili zinazowezekana. Zamu ya mume wako ni ngumu zaidi, kwa sababu mwajiri halazimiki kukubali kila ombi la likizo, lakini kuna njia ambayo wanaume kadhaa wa hapa walio huko wameitumia: anajitolea kufanya kazi tarehe 25 Desemba badala ya mwenzake Mkristo, na mwenzake anamshikia Idi. Wote wawili wanapata sikukuu. Afanye mazungumzo hayo miezi kabla, sio wiki ya mwisho.

Mti wa Krismasi sitakuamulia, maana hapo kuna mume wako na imani yake, na nyumba ni yenu. Nitakueleza tu ninachokiona. Mtoto wa miaka 6 anataka kitu cha kusimulia darasani mwezi ambao kila mtu ana cha kusimulia. Familia nyingi za Kiislamu huko hupamba nyumba mwezi wa Ramadhani, taa ndogo dirishani, mwezi na nyota za karatasi, vijisanduku thelathini vyenye tende au peremende anavyofungua kimoja kila magharibi. Wapo watakaosema huko ni kuiga Krismasi. Mimi naona mtoto anayehesabu siku za Ramadhani kwa hamu amefundishwa jambo jema, lakini kubalianeni ninyi wawili kwanza, watoto wakiwa wamelala.

Ila jambo moja nitalisimamia. Robo ya damu ya watoto hao inakula Krismasi Tabora. Bibi yako ni wa kwao pia. Hapa kwetu Kigoma na kwenu Tabora Mwislamu kula kwa jirani Mkristo tarehe 25, naye kuja Idi, halijawahi kuwa jambo la kuandikiwa barua. Tarehe hiyo mpigie bibi wa Tabora, watoto wamtakie heri. Kama mna rafiki Mkristo huko, nendeni mkale kwake kama wageni, na kama anakaa mbali jipangeni, maana siku hiyo treni za Uingereza hazitembei na mabasi ni ya kutafuta. Mtoto aliyealikwa Krismasi na watu anaowapenda mara nyingi husahau habari ya mti sebuleni kwake. Mume wako amezuia mti. Sidhani kama amezuia bibi.

Kuacha mpaka mtakapokuja nyumbani ndilo chaguo pekee ambalo nakusihi usilichukue. Sikukuu iliyoachwa miaka mitatu, mtoto akija kukutana nayo Ujiji atakuwa mgeni wa kuamkuliwa na kupigwa picha, hajui ashike sinia wapi. Lakini kuja njooni, na mkiweza mje wakati wa Idi yenyewe. Najua nauli za watu wanne si mchezo, na likizo za shule hazifuati mwezi. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kufikia mwaka 2033 itakuwa imefika likizo ya Krismasi, na huko ni mbali, kijana wako atakuwa mtu mzima. Afadhali mje mara moja katika Idi kuliko mara mbili mwezi Agosti wakati binamu zao wako shule. Na mkirudi, mizigo iwe ya akili: nyama na samli msibebe kabisa, forodha ya Uingereza haipokei nyama wala vitu vya maziwa kutoka kwetu. Dagaa wakavu na asali ya Tabora huruhusiwa kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani, lakini someni kanuni za wakati huo kabla ya kufunga sanduku.

Limebaki lile la machozi. Hayo uliyolia jikoni yana jina. Mtaalamu wa familia wa Marekani, Pauline Boss, ndiye aliyeeleza kwa mapana hasara isiyo na mazishi: unapoteza watu ambao wako hai, nyumba ambayo bado imesimama, na kwa kuwa hakuna aliyekufa, hakuna anayekuja kukupa pole. Sikukuu ndiyo siku inayoiamsha. Huzuni hiyo si ugonjwa, na hutaimaliza kwa kupika zaidi. Inapungua ukiisema. Mwambie mume wako uliyoniambia mimi, kwa maneno yaleyale.

Lakini kama huzuni imevuka siku za sikukuu, wiki mbili na zaidi unaamka nayo karibu kila siku, usingizi umekata, chakula hakipiti, huoni raha hata na watoto, usiishie kuniandikia. Nenda kwa daktari wako wa familia huko Sheffield. England pia ina huduma ya mazungumzo ya tiba ya NHS ambayo mtu anajiandikisha mwenyewe bila kupitia kwa daktari, na unaweza kuomba mkalimani kama mambo ya moyoni yanakushinda kwa Kiingereza. Ukijiwa na fikra za kujidhuru, ni 999 au hospitali, saa hiyohiyo. Na kwa kijana: kama kukataa kanzu kunakwenda na kukataa shule, kuficha jina lake, au kunyamaza akitajiwa wenzake, inawezekana anatukanwa kwa ajili ya dini au rangi yake. Hapo muulize kwa upole mkiwa mnatembea au kwenye gari, asikutazame usoni, kisha nenda shuleni uonane na mwalimu ana kwa ana. Kama wewe na mume wako mnashindwa kabisa kuongea habari ya dini na watoto, watafuteni wazee wawili mnaowaheshimu wote, mmoja wa upande wako na mmoja wa upande wake, kabla maneno hayajawa mengi.

Jioni hii usifanye mengi. Mpigie mama mkwe, umuulize kitunguu cha pilau la sinia moja anatia vingapi, na umwambie kwamba safari hii mpishi ni mjukuu wake.